Simama Hapo Hapo

Mwenzangu, umeamka? Niko salama, gari pia salama.

Nimetoka alfajiri kwenda kuchora kule milimani. Peke yangu. Mara ya kwanza tangu tumzike baba watoto.

Unajua tulivyokuwa. Yeye usukani, mimi dirishani na penseli yangu. Nikiona kitu napiga kelele, "Simama hapo hapo!" Naye anasimama, hata kwenye kona, huku ananung'unika.

Basi leo ukungu umelala bondeni, jua likautokea kwa chini, wote ukageuka rangi ya ganda la kitunguu. Rangi ile sijawahi kuipata kwenye kopo lolote! Nikapiga kelele, "Simama hapo hapo!"

Halafu nikageukia dirishani, nikatazama.

Nakwambia nilitulia kabisa nikatazama, nangoja gari lisimame. Na dereva ni mimi!

Nilishtushwa na tairi likikwaruza mawe ya kando. Nikakanyaga breki, rangi zote zikamwagika.

Muuza maziwa akatupa baiskeli akaja mbio. "Mama, ulikuwa unamwambia nani asimame? Nimekusikia toka kule!"

"Dereva wangu." Mdomo ulijisemea wenyewe.

Akachungulia ndani. Akanitazama. "Pole, mama," akasema taratibu, akaenda zake.

Ukungu nao ulishapanda. Sijachora kitu.

Nimehamia kiti changu cha zamani, kile cha abiria, ndiko ninakokuandikia. Huku naona kila kitu, mwenzangu. Ila gari haliondoki.