Hotuba ya Twahir

Amu, 9 Machi 1956

Kwa binti yangu Batuli, aliyeko Chundwa.

Baada ya salamu, sisi huku tu wazima. Kisima kimesafishwa. Mpe pole shangazi yako Hadia, wala usimwache mpaka mguu wake upone.

Chama chetu cha hotuba kingali kinakutana kila Jumatano baada ya alasiri. Wakumbuka kwamba nilimlazimisha mumeo ajiunge, kwa kuwa hakuweza kunitazama usoni akazungumza. Mwanzoni wenzake walimtania: "Bwana Twahir, sauti umeiacha kwenu Shela?" Nilimsimamisha kila wiki, hata woga ukamtoka.

Jumatano hii, watu walipokwisha ondoka, alisimama wima mbele yangu na mbele ya katibu wetu, Bwana Famau.

"Baba," alisema, "nia hii nimeificha miaka miwili kwa kukuogopa. Leo Batuli nimempa talaka."

Hakukwama hata neno moja. Famau, ambaye kwa mazoea humpigia makofi kila msemaji, alikuwa amekwisha inua mikono. Akaishusha.

Nilimwambia kwamba nimesikia.

Eda yako ihesabu tangu siku hiyo. Chumba chako cha zamani kimefagiwa.

Ni mimi baba yako,
Muhdhar