Pua ya Nyumba Yetu

Jumatatu, 9 Januari

Leo mtu ameteleza juu ya paa letu. Kweli kabisa, na mbao zake miguuni, kofia ya njano kichwani. Nilikuwa namlisha Elene uji. Kishindo juu, masizi yakamwagika ndani ya bakuli. Mimi nilidhani ni poromoko la theluji. Nilimvuta mtoto chini ya meza nikamlalia, uji wote shingoni kwangu. Yeye akacheka. Kisha nikasikia mtu huko juu anaomba radhi kwa lugha ya kigeni.

Nilitoka na koleo. Nikamkuta, mashavu mekundu, anatabasamu kwa aibu. Akanieleza kwa mikono kwamba alifuata vijiti. Vijiti gani? Akanionyesha – vijiti vya rangi ya chungwa, vinashuka mlima mzima moja kwa moja hadi nyuma ya jikoni kwetu, halafu ndiyo vinakata kushoto.

Haiwezekani. Nyuma ya jikoni kuna pua, ule ukuta wa mawe wa kugawa poromoko. Anayeshuka pale anagonga mawe.

Mama mkwe akatoka na kipande cha mkate wa jibini, akampa. "Baba, siku nyingine pitia mlangoni, utapewa na chai." Hakuelewa neno, akala. Koleo lilikuwa bado mkononi mwangu.

Jumanne, 10 Januari

Nimechukua ule ufito mrefu wa chuma nikapanda nyuma ya nyumba. Nikachoma theluji. Hatua moja, nachoma. Hatua nyingine, nachoma. Mahali ambapo chuma kingegonga jiwe kabla hata kiwiko hakijazama – hakuna. Laini. Laini. Laini mpaka mpini.

Pua yetu ilikuwa na kimo changu mara mbili, mawe matupu, imechongoka kuelekea mlimani. Babu yake baba mkwe ndiye aliyeianza. Kila bibi harusi anayeletwa nyumba hii anabeba jiwe lake hadi pale kabla hajaonyeshwa jikoni. Langu lina doa jekundu kama ini, nililibeba nikiwa na gauni jeupe. La Elene aliliweka Otar mume wangu mwenyewe siku ya ubatizo, na akalia, nilimwona.

Jioni nikamuuliza.

"Pua iko wapi?"

"Ipo."

"Otar."

"Wameipunguza kidogo. Mashine ya kusawazisha theluji haikuwa na pa kugeukia."

"Wameipunguza ikabaki nini?"

Akaendelea kula maharage. "Msingi," akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea na sahani.

Ilikuwa Oktoba. Mimi nilikuwa kwa mama yangu huko bondeni, Elene anabanwa na kifua. Kila siku namwuliza kwenye simu, vipi huko, na yeye, salama tu, mama Elene, salama. Tingatinga lilikuwa nyuma yake linanguruma!

Mama mkwe alijua. Alijua nusu. "Mwanangu aliniambia wameichukua kuitengeneza."

"Mawe yanapelekwa kutengenezwa wapi, Mama? Hospitali?"

Amefuma soksi moja tangu jioni, anaifumua, anaifuma tena.

Alhamisi, 12 Januari

Otar ameweka mezani bahasha ya plastiki. Ameifuta meza kwanza. Ndani kuna hati ya nyumba. Mhuri, namba, ramani, jina lake.

"Soma," akasema. Anavyonitazama – kama siku aliyonionyesha ng'ombe wetu wa kwanza.

Nyumba hii haijawahi kuandikwa popote. Muulize mtu yeyote wa huku, atakuonyesha kwa kidevu: kutoka mti wa mlozi hadi chemchemi ni kwa Bimurza, baba yake Otar. Basi. Nani angeenda mjini kuandikisha kitu ambacho kila mtu anakijua? Hakuna aliyekwenda. Kampuni ya lifti, ile inayopandisha watelezaji mlimani, ndiyo ikaenda. Ikaandikisha malisho, ikaandikisha mteremko, na familia ya pale darajani wakaamka asubuhi moja wakaambiwa zizi lao limesimama kwenye ardhi ya watu. Otar alirudi siku ile akiwa na rangi ya majivu. Hofu yake naijua. Sijifanyi siijui.

Kwa hiyo wakamwambia: wewe saini kwamba huna pingamizi na njia ya watelezaji, na sisi hatutakuwa na pingamizi na nyumba yako. Na kazi yako kwenye lifti ipo.

Nikafuata mstari wa ramani kwa kidole. Unatoka barabarani, unapita mlozi, unazunguka, unakuja nyuma ya jikoni – na hapo umebana ukuta. Umebana kabisa. Pua yote iko nje ya mstari.

"Umesaini kwamba pua si yetu."

"Nimesaini kwamba nyumba ni yetu."

"Nyumba bila pua ni sanduku, Otar. Limewekwa njiani."

Akasema tangu mwaka ule hakujashuka kitu. Mwaka ule! Alikuwa na miaka mitatu, amelala jikoni humu humu na mama yake, theluji ikaja ikagonga pua ikagawanyika, upande huu na upande huu, ikaziba mlango. Baba yake alikuwa zizini anakamua. Zizi likaenda naye. Nyumba haikupoteza hata kikombe.

"Mimi sikumbuki," akasema.

Mimi ndiye nakumbuka, na sikuwepo.

Jumamosi, 14 Januari

Mwaka mpya wa kalenda ya zamani. Mama mkwe anaoka mikate ya nyama tangu alfajiri. Mimi nimemfunga Elene mgongoni nimeshuka ofisi ya kampuni, pale chini ya lifti.

Mhandisi anaitwa Vazha. Wa mjini, mikono laini, mpole. Wapole ndio wabaya, huwezi kuwapigia kelele.

"Dada, kwa kumbukumbu zetu eneo lile halina historia ya maporomoko."

"Historia iko makaburini. Panda ukaisome. Imeandikwa na tarehe."

Akasema majira ya kuchipua wataweka wavu wa chuma, wa kisasa. Nikamwuliza kama theluji imeambiwa isubiri majira ya kuchipua. Akacheka kidogo. Akampa Elene puto.

Halafu nikaona. Ukutani nyuma ya kichwa chake, picha kubwa, kioo na fremu. Nyumba yetu! Wakati wa kiangazi, mlozi, nguo zangu kwenye kamba – matandiko yangu ya bluu. Wageni wote wanaokata tiketi wanaangalia matandiko yangu. Na nyuma ya paa, pua yetu, nzima.

"Hiyo hapo nyuma ni nini?" nikamwuliza.

Akasogea, akavua miwani. Akatazama kweli, kama mwanafunzi. "Mapambo?"

Niliiteremsha picha ukutani nikaondoka nayo. Hakuna aliyenizuia. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni na puto, nani atamshika. Ile fremu ni nzito, nimeibeba mlima wote, mabega yanawaka mpaka sasa. Mama mkwe aliifuta theluji kwa aproni, akaibusu pale penye mawe. Otar aliingia, akaiona, akatoka kwenda kupasua kuni ambazo zilikuwa zimeshapasuliwa.

Jumatano, 18 Januari

Theluji imeanza kudondoka asubuhi. Nzito, bila upepo.

Na leo ndiyo siku wafu wanakuja. Kwetu bondeni hatuna hii, lakini nimekwisha kuizoea. Watakaa hadi Jumatatu. Meza imeandaliwa: ngano ya kuchemsha, maharage, mkate wa jibini, pombe kali kwenye glasi ndogo. Mlango haufungwi kwa komeo. Usifagie, usije ukamfagia mtu. Ukimwaga maji ya moto nje, unawaambia kwanza wapishe.

Mama mkwe aliwapokea mlangoni jina kwa jina. Mama yake, karibu. Dada yake aliyekufa mdogo, karibu, umepoa mikono. Bimurza, karibu nyumbani, baba Otar.

Otar hakuitazama glasi ya baba yake. Aliangalia kila kitu mezani isipokuwa ile.

Alhamisi, 19 Januari

Theluji. Simu haina mtandao. Lifti imefungwa, Otar yuko juu ya paa anachota. Anashuka, anakunywa chai, anapanda.

Saa tisa, ngurumo ya poromoko upande wa pili wa bonde. Elene akaonyesha kidole, "Bum." Sote tukatazamana, mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Ijumaa, 20 Januari

Mwenyekiti wa kijiji, Gerasime, alikuja asubuhi, theluji mpaka kwenye ndevu. Nyumba zote za juu ya chemchemi zishuke shuleni kesho kabla ya saa nne. Akamtazama Otar. "Hasa wewe," akasema. Kijiji kizima kinajua basi. Mimi tu ndiye nilikuwa sijui.

Mama mkwe akasema hatoki.

"Nina wageni."

"Mama, ni hatari."

"Nani anaacha wageni mezani akaenda zake? Mpaka Jumatatu. Nikishawasindikiza nitashuka."

Nilimwambia maneno. Nilimwambia walio hai wana haki kwanza, kwamba anampenda mume aliyekufa kuliko mjukuu anayepumua. Sikupaza sauti, ndiyo maana yalikuwa mabaya zaidi. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Mkwe, mimi sikukuomba ubaki," akasema. "Mchukue mtoto. Mimi walinifukua humu mara moja, najua njia."

Nikamfuata Otar zizini. Anamkamua ng'ombe, paji la uso kwenye ubavu wake.

"Mwache," akasema. "Nitabaki naye."

"Wewe? Wewe uliyeibomoa ndiye utabaki?"

Akaacha kukamua. "Kwa hiyo nani? Si ndiyo mimi niliyeibomoa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo mwingine, maneno yote ya hasira yalikuwa tayari, na yeye akaniwekea ukweli. Ni kama amenipokonya kitu.

Nikarudi jikoni. Mama mkwe anapanga vijiko vya wafu. Na mimi, nimechoka, nimechoka kabisa, nikasema tu kilichokuja: "Kwetu, ikibidi mgeni ahamishwe nyumba, anaombwa radhi na anatanguliwa njiani. Haachwi. Anaenda na chakula chake."

Maji yalichemka, yakatulia.

"Bakuli zote?" akauliza.

"Zote."

"Na mishumaa?"

"Na mishumaa, Mama. Na glasi. Na ile picha kama unataka."

Jumamosi, 21 Januari

Darasa la pili. Saa nane mchana.

Tumeondoka saa tatu. Niliuzima moto wa jiko mwenyewe, kwa ndoo mbili za theluji, mpaka halikutoa hata mvuke. Mama mkwe alisimama mlangoni akawaita mmoja mmoja watoke. Aliwaomba radhi kwa usumbufu. Sleji, lile gari la kuburuta majani makavu thelujini, tuliijaza bakuli, na Elene katikati ya bakuli, kama mkate. Otar alivuta. Mimi nilisukuma. Mama mkwe alikuja nyuma akiongea na watu nisiowaona, akiwaonya panapoteleza.

Gerasime alitupa darasa peke yetu. Madawati ni madogo, ya watoto wa miaka saba. Tumewaandalia pale. Nimeegemeza picha ubaoni.

Otar alirudi juu kumchukua ng'ombe. Akasema atakuwa hapa kabla ya saa sita. Niliinama kufunga kitambaa cha mtoto ili nisimjibu.

Theluji ilikoma saa tano. Sasa kuna jua, na hilo ndilo baya, linalegeza theluji. Wazee wote wako dirishani, wanautazama mlima.

Mama mkwe alianza kumimina. Alipofika glasi ya Bimurza akasimama na chupa mkononi.

"Hakuja."

"Nani, Mama?"

"Huyu. Nilimwita, sikumsikia nyuma yangu. Amebaki." Akaweka chupa chini kwa utaratibu. "Mkaidi. Hata siku ile nilimwambia acha kukamua, njoo ndani." Akaanza kutafuta mabuti yake.

Nimeyakalia. Naandika huku nimeyakalia. Anajua, mimi najua anajua. Anazunguka darasa anainua mabegi ya watu.

Saa saba na nusu Gerasime aliniita dirishani. "Njoo uone, mama Elene." Kutoka hapa nyumba yetu inaonekana, paa tu na bomba la moshi. Na bomba linatoa moshi.

Moto niliuzima mimi. Ndoo mbili.

Ng'ombe tunamwona. Amefungwa kwenye mlozi, hatua mia chini ya nyumba, mahali salama. Amemtoa, amemfunga, amerudi ndani, amewasha jiko. Mjinga. Mjinga mkubwa. Ameandaa meza, najua, amemmiminia baba yake. Nitamwambia nini mtoto huyu aliyelala mapajani mwangu, baba yako alikuwa anaomba msamaha kwa glasi?

Gerasime anasema hatumi mtu juu mpaka jua liondoke kwenye mteremko. Ana haki. Anasema hiyo ni saa kumi. Otar hatashuka kwa Gerasime. Hatashuka kwa mama yake, ndiyo kwanza watakaa wote wawili kumsubiri yule wa tatu. Kuna mtu mmoja tu anayeweza kwenda pale akamtukana mpaka atoke mlangoni.

Viatu vyangu vimeloa, viko kwenye jiko la walimu, vinatoa mvuke. Mabuti ya Mama ni marefu, yana manyoya ndani. Nimeyapima. Yananitosha.

Ameacha kutafuta. Amesimama mbele yangu, amenyoosha mikono yote miwili, nami nikayakandamiza zaidi chini yangu.

Lakini haangalii mabuti. Anataka nimpe mtoto.