Karani, Kalamu na Karamu

Jumatatu, 1 Julai 1996

Githeri tena, maharagwe machache na mahindi magumu. Baridi ya kukausha masikio. Mazoezi ya kesi ya kuigiza baada ya masomo, kama kawaida. Mwalimu Githinji wa Kiswahili amenikatiza kila nikifungua mdomo.

Kesi yenyewe: kalamu ya dhahabu ya mwalimu mkuu imepotea. Karani wa ofisi ameshtakiwa. Utetezi wake ni kwamba jioni hiyo alikuwa kwake, kwenye karamu ya arusi ya dada yake. Sisi ndio watetezi. Wakili ni mimi.

Karani, kalamu, karamu. Aliyetunga kesi hii hatupendi watu wa mlimani, sisi tunaochanganya l na r.

Jumatano, 3 Julai

Leo nimesema "karani hakuiba karamu". Darasa zima likacheka. Msichana mmoja akauliza angeibebaje, kwa kiondo au kwa mkokoteni. Nimecheka nao lakini rohoni nimeumia.

Halima hakucheka. Alinisahihisha tu, polepole, kama mtu anayemlisha mtoto uji. Halima ndiye karani wetu, yaani mshtakiwa. Kwao ni Majengo, Nyeri mjini, baba yake anauza vitambaa. Kiswahili kinamtoka bila jasho. Afadhali angecheka.

Ijumaa, 5 Julai

Mwalimu ametoa hukumu kabla ya kesi. Alisema hivi: "Wambui, wewe uko na kichwa. Lakini hii ulimi yako, ati tutaifanyia nini?" Ijumaa ijayo, siku moja kabla ya mashindano ya shule mjini, atatusikiliza kwa mara ya mwisho. Nikikosea, Halima atakuwa wakili na mimi nitakaa kizimbani.

Nimetaka kuwa wakili tangu darasa la tano. Nyumbani Gakindu wanajua. Mama amewaambia hata wanawake wa kikundi cha kanisa. Sasa nirudi niwaambie nilikuwa mwizi wa kalamu?

Namchukia Halima. Kidogo.

Jumapili, 7 Julai

Ibada ndefu. Nimeimba nikihesabu l zote. Wimbo wa mwisho ulikuwa na r nyingi, ukaniharibia kazi.

Jioni nimefanya mazoezi nyuma ya tangi la maji. Lori. Rula. Redio. Rangi ya lori. Mpishi alinikuta, akasimama, akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa. Hakuamini.

Jumatano, 10 Julai

Nimeanza kupata. Siri ni kuweka l kila mahali ukiwa na shaka. Chai nayo haina maziwa ya kutosha wiki hii.

Halima alikuja kwenye tangi leo bila kualikwa. Nilidhani amekuja kuona atakachorithi. Akaketi kwenye jiwe na kunisikiliza. Kisha akasema: "Wewe unaharakisha. Mtu anakimbizana na wewe?" Sijui anataka nini. Kama anaitaka nafasi yangu, si aseme.

Ijumaa, 12 Julai

Nimepita.

Sikukosea hata herufi moja. Mwalimu alikuna kichwa, akasema haya, wakili ni Wambui. Halima alipiga makofi kuliko wote. Simwelewi huyu msichana.

Nimekula githeri sahani mbili.

Jumamosi, 13 Julai

Siku gani hii. Nianzie wapi.

Tulifika ukumbi wa mji Nyeri asubuhi na mapema, kwa lori la shule, nywele zimejaa vumbi. Hakimu alikuwa mwanamke, hakimu wa kweli, na miwani yake. Upande wa mashtaka ulikuwa wavulana kutoka upande wa Kiriaini. Kiongozi wao mrefu, tai ya baba yake imefika chini ya mshipi. Anaongea vizuri. Alipomaliza kuwahoji mashahidi wake hata mimi niliona karani ni mwizi.

Zamu yangu. Nikasimama. Nikajiambia l, l, l. Nikasema kwa sauti kubwa, safi kabisa: "Mheshimiwa, jioni hiyo mteja wangu alikuwa na kalamu nyumbani kwake."

Halima alifumba macho kizimbani. Mwalimu Githinji alijifunika uso kwa faili. Nilitamani sakafu initafune.

Yule mvulana akaruka juu: "Mheshimiwa! Wakiri mwenyewe amekili!"

Ukumbi ulipasuka. Wazazi, walimu, hata askari wa mlangoni. Hakimu alivua miwani akafuta macho. Maskini mvulana alibaki ameinua kidole, hajui wanacheka nini.

Kicheko hicho kilinipa pumzi. Nikaona nikiketi nimekwisha. Nikamgeukia Halima nikamwuliza: hicho kitu ulichokuwa nacho nyumbani jioni hiyo, mlikila na nini?

Hatukuwa tumefanya mazoezi ya swali hilo. Akafungua macho. "Na pilau, mheshimiwa," akasema. "Na kachumbari. Na wageni wengine wakaomba waongezwe." Uso mkavu kabisa.

Hakimu alimwachilia karani. Alisema yeye mwenyewe amezaliwa Othaya, huku huku mlimani, na hawezi kumfunga mtu kwa kosa la herufi moja. Lakini kikombe wakapewa wavulana, kwa mpangilio wa hoja. Ni haki yao. Wamejipanga kweli.

Nimefurahi na nimeaibika. Zote kwa pamoja.

Jumapili, 14 Julai

Siku ya wazazi kututembelea. Mama alileta ndizi na maswali. Nimemwambia mteja wangu aliachiliwa. Kalamu sikuitaja.

Mwalimu Githinji amepita mara mbili bila kusimama. Nadhani mwakani atatafuta wakili mwingine. Nimelia kidogo chooni, nikanawa, nikarudi kula ndizi.

Alhamisi, 18 Julai

Mvua ya manyunyu tangu alfajiri.

Matroni amekuta chapati chini ya mto wa Halima, zile alizoletewa na baba yake Jumapili. Ni kosa kulaza chakula bwenini. Alituita sote kando ya vitanda, akamwuliza Halima ana la kujitetea. Halima aligeuka akanitazama mimi.

Nikasogea mbele. Chapati zilikuwa zake, hilo analijua kila mtu. Nilisema zimekauka kiasi kwamba si chakula tena. Sikumbuki nilichosema baadaye, l zangu na r zangu zilijiendea zinakotaka. Matroni aliuma midomo asicheke. Adhabu ya wiki nzima ya kufyeka nyasi ikawa ya siku moja. Na mimi nikapewa siku moja, kwa kubishana.

Baadaye nilimwuliza Halima kwa nini hakujisemea, yeye mwenye Kiswahili chake. Akasema yeye anajua kusema, lakini anayejua kubisha ni mimi. Hakutaka kuwa wakili hata siku moja, anaogopa kusimama mbele ya watu. Kizimbani angalau kuna mbao za kushikilia.

Kesho tunafyeka nyuma ya jikoni. Ameniambia anataka kukata rufaa. Nimekubali kesi.