Tende za Bwana Owori

Jumatatu, 27 Februari

Basi la asubuhi hadi Tororo, kama kawaida. Vumbi tupu. Saumu na vumbi havipatani, koo limekauka kabla jua halijapanda. Nimefika kitini kwa wakati. Tuko mahakimu watatu: Mzee Yokana mwenyekiti, Erisa wa Lumino, na mimi niliyewekwa kwa ajili ya watu wa mjini Busia. Kwa wenyeji wa wilaya hii, juu yetu hakuna mahakama nyingine ila ile ya Kampala, ya majaji wenye nywele za bandia.

Leo rufaa ya shamba la Kwapa. Nyafwono, mjane. Jirani yake Owori, aliyekuwa chifu, aling'oa miti ya mpaka mwaka ule ule mama huyu alipofiwa na mumewe, akapanda pamba hadi nyuma ya jiko lake. Mahakama ya chini ilimrudishia mjane shamba. Owori amekata rufaa kwetu. Mashahidi wa mjane walisimama imara. Wa Owori walipingana wenyewe kwa wenyewe, mmoja hata hakujua kijito kiko upande gani. Kesi nyepesi.

Lakini hukumu imeahirishwa hadi baada ya uchaguzi wa baraza la wilaya. Owori anagombea kwa chama cha Taa, akaomba asihukumiwe katikati ya kampeni. Yokana alikubali. Sikupenda, lakini sikupinga.

Alhamisi, 2 Machi

Ngoma mpaka forodhani. Watu wa Taa wanatembea na chemli zimewashwa mchana kweupe. Watu wa Mwavuli, chama pinzani, wamefungua miavuli na mvua hakuna. Mji mzima umeingiwa na wazimu.

Mtoto wa Yokana anawapigia kampeni Mwavuli. Nilimwambia Yokana amzuie, watu wasije wakasema hakimu ana chama. Akanijibu kwamba kijana ana ndevu zake.

Zainabu, mke wangu, amekosana na dada yake kwa ajili ya vyama hivi. Miaka yote wamepelekeana futari. Mwaka huu sahani hazivuki barabara. Hilo limeniuma kuliko ngoma.

Jumatano, 8 Machi

Taa wameshinda. Owori ameshinda.

Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma: hata mimi niliwapigia Taa. Si kwa ajili ya Owori. Walisema mahakimu wa wilaya wachaguliwe na baraza letu wenyewe, si na Bwana Disii, Mzungu mkuu wa wilaya. Niliona ni haki. Bado naona ni haki, na hapo ndipo penye shida yangu.

Ijumaa, 10 Machi

Hawakungoja hata vumbi litulie. Jana baraza jipya lilikaa, likaunda kamati ya kuteua mahakimu. Mwenyekiti wa kamati: Owori. Yaani mtu mwenye kesi mbele yetu ndiye sasa mwenye viti vyetu.

Yokana amestaafishwa. Sababu: uzee. Uzee gani? Juzi alikuja Tororo kwa baiskeli kutoka kwake Kwapa. Mahali pake ameletwa Stefano, aliyewapigia Taa ngoma kampeni nzima. Uenyekiti amepewa Erisa. Leo hakunitazama usoni.

Nilikwenda na Yokana kwa Bwana Disii. Akatukaribisha chai, kisha akakumbuka nimefunga, akaona haya. Akasema tulitaka kujichagulia, basi tumejichagulia, yeye hawezi kuingilia. Kiswahili chake kizuri kuliko msaada wake.

Jumapili, 12 Machi

Nimefanya kosa.

Magharibi nilikuwa msikitini. Mikeka imetandikwa uani, futari imepangwa: uji, pilau, na tende. Si zile kavu za dukani. Laini, nyeusi, zinayeyuka. Kwetu mtu haulizi futari ya msikiti imeletwa na nani. Adhana ikisikika unafungua kwa kilichoko mbele yako, unamshukuru Mungu. Nikala. Nikaongeza.

Baada ya sala Shehe Twaha alisimama kumwombea dua mfadhili wetu wa leo. Bwana Owori wa Kwapa.

Mkristo, katulisha Waislamu wa Busia siku chache kabla ya hukumu yake. Alijua nitakuwapo. Alijua sitauliza. Nilitoka bila kunawa mikono. Nimemkasirikia Owori, nimemkasirikia Shehe, na zaidi ya wote nimelikasirikia tumbo langu.

Jumatatu, 13 Machi

Habari imenitangulia stendi. Dereva mmoja alipaza sauti mbele ya watu wote: "Mzee Idi, wewe nakula futari ya Owori, sasa mjane nakwenda wapi?" Walicheka mpaka wauza karanga.

Mahakamani Erisa aliniita kwenye kibaraza cha nyuma. Yeye na Stefano wamekwisha kuamua. Shamba ni la Owori. Wanachotaka ni sauti yangu. Ni desturi ya mahakama yetu: mahakimu watatu wakisema neno moja, kesi imefia hapo. Mmoja akikataa, aliyeshindwa ana ruhusa kupanda Kampala, na shamba linabaki mikononi mwa mjane, haliguswi, mpaka kule waamue. Owori hataki kufika Kampala. Kule hana kamati.

"Wewe nakataa, halafu nini?" Erisa aliniambia. "Kiti nakwenda. Na tende ulikula, Idi. Watu wataona umekula, kisha umemgeuka mtu."

Simchukii Erisa. Ana watoto sita shuleni. Lakini alinifanya nijione mchafu.

Jumanne, 14 Machi

Nimefikiri kujitoa kwenye kesi. Ndiyo heshima, aliyekula kwa mdaawa asimhukumu. Lakini nikiondoka leo, kesho Owori ataweka mtu wake kwenye kiti changu. Midomo mitatu, neno moja, na Nyafwono hana pa kwenda. Nikikaa, mimi ni hakimu aliyekula tende za mwenye kesi. Nimenaswa huku na huku.

Zainabu hakuninyooshea kidole. Alisema tu: "Si ulikula? Basi sema ulikula." Akaendelea kukanda unga.

Alhamisi, 16 Machi

Kwetu kila hakimu husimama akasema neno lake kwa kinywa chake, hakimu mpya kwanza, mwenyekiti mwisho. Ukumbi ulijaa. Owori mbele, suti mpya. Nyafwono benchi la nyuma na mashahidi wake.

Stefano alisema kama mtu aliyekaririshwa. Shamba la Owori. Akaketi.

Nikasimama. Nikasema kwamba kabla ya hukumu nina jambo langu: Jumapili nilifungua saumu kwa tende za Bwana Owori katika msikiti wa Busia. Sikujua ni zake, lakini nilizila, na zilikuwa nyingi. Anayeona kwamba kwa hiyo sifai kumhukumu, aseme sasa.

Erisa akamtazama Owori. Owori akaitazama kofia yake mapajani. Angesema nini? Kusema sifai ni kukiri kwa nini alizileta.

Basi nikasema shamba ni la Nyafwono, nikatoa sababu, moja baada ya nyingine, bila haraka. Nikaketi. Erisa akasimama na kusema neno lake huku akiangalia sakafu. Shamba la Owori.

Wawili kwa mmoja. Mkalimani alipomweleza Nyafwono kwa Kidhopadhola, lugha yake, aliketi kama gunia. Akaelezwa pia kwamba ana ruhusa ya Kampala, na mpaka hapo shamba haliguswi. Sijui kama alisikia. Nilitaka kumwendea nimweleze mwenyewe. Hakimu hafanyi hivyo.

Jumamosi, 18 Machi

Sikukuu ya Idi. Habari imenikuta bado niko na kanzu ya sala. Nimestaafishwa. Sababu: uzee.

Dada yake Zainabu alivuka barabara na sahani ya maandazi. Zainabu akaipokea. Wakakaa.

Jumatano, 12 Aprili

Mvua imekolea. Nimerudi kwenye biashara yangu ya ngozi, na lori la mpwa wangu. Leo Kwapa. Tulikwama kwenye tope, sikupanga, mbele ya shamba la Nyafwono.

Alikuwa akipalilia wimbi, ule ulezi wa uji. Pamba ya Owori haipo tena. Mpakani amechomeka vijiti vipya, vingine vimeanza kuchipua. Kampala bado hawajamwita. Huenda mwaka huu, huenda mwakani. Majaji wa kule hawakuchaguliwa na mtu yeyote wa huku, na inaniuma kwamba tumaini lake liko kwao, si kwetu. Lakini mpaka wamwite, wimbi ni lake.

Alinitambua. Alikuja ukingoni mwa barabara, akapiga magoti kidogo kunisalimu, tope na yote. Nikamwambia ainuke. Akaniuliza kwa Kiswahili cha kuokoteza: "Mzee, ile tende ya Owori, ilikuwa tamu?"

Nilitafuta mzaha usoni pake. Haukuwapo. Alitaka kujua tu.

Nikamwambia ndiyo, tamu sana. Akatikisa kichwa, akachukua jembe lake. Sisi tukarudi kusukuma lori.