Ukuta wa Chumba cha Elisha

Iguguno,
Mwishoni mwa Oktoba

Kaka yangu Elisha,

Shikamoo. Natumaini uko mzima huko Chunya, vumbi la machimbo halikusumbui kifua, na unakula chakula cha kueleweka. Sisi huku ni wazima. Mama anakusalimu sana. Magoti yanamsumbua asubuhi, lakini kanisani haachi kwenda. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu, kila nikianza habari ya nyumba, mtandao wako unaharibika. Barua haina mtandao, na Amri, yule utingo wa lori la Shelui, ameahidi kuiweka mkononi mwako.

Unakumbuka ni wewe uliyetuambia tuombe nyumba kwenye ule mfuko wa kujengea wazee. Tuliomba mwaka jana, alizeti zikiwa bado changa. Wakasema wakaguzi watapita baada ya mavuno na majibu yatatoka kabla ya mvua. Ukuta wa chumba chako una ufa unaomeza mkono wangu mpaka kwenye kiwiko, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Nikajua nyumba tumeshapata.

Kumbe mama yangu nilikuwa simjui. Siku moja kabla ya ukaguzi aliuziba ule ufa, akakandika ukuta wote kwa udongo na samadi, akaazima makochi kwa mama Hajira, akachinja na jogoo. Wakaguzi walikula wakashiba, wakamsifu kwa usafi, wakaandika kwamba nyumba ni imara. Ombi letu likarudishwa nyuma ya foleni. Nilipomlalamikia, Mama akaniuliza kama nilitaka wageni wakalishwe juu ya ndoo. Majirani walicheka wiki nzima. Mimi hata kipapatio cha yule jogoo nilichowekewa kilinishinda kula.

Nikaenda ofisini. Bwana Melkizedeki, anayeshughulikia maombi, alinieleza kwa upole kwamba ukaguzi wa pili una zamu yake na waombaji ni wengi. Sikupiga kelele, unanijua. Kila siku ya mnada nilipita, nikamsalimia, nikauliza, nikaondoka, mpaka ikawa akiniona mlangoni anaanza kujibu kabla sijafungua mdomo. Mwezi uliopita zamu ikafika. Nikamweleza Mama taratibu kwamba safari hii tuwaonyeshe ufa wetu, maana mvua za mwaka huu ukuta ule hautazihimili. Akaitikia vizuri kabisa. Niliporudi kutoka kisimani nikamkuta amepanda kwenye stuli, na magoti yale yale, anakandika!

Hapo nikajua hii si heshima kwa wageni tena. Nikamshusha, nikamuuliza, naye akalia. Sharti la mfuko ni kwamba nyumba ya zamani ibomolewe, na mpya isimame pale pale. Akasema hujarudi tangu tulipomzika Baba, na kitanda chako anakitandika kila Jumamosi. Akasema ukirudi ukakuta chumba chako hakipo, utadhani aliacha kukungoja. Kaka, mimi ninayelala chumba cha pili miaka yote hii niliona wivu, sikufichi. Halafu nikamwonea huruma mpaka nikalia na mimi.

Wakaguzi walifika udongo ukiwa bado mbichi. Safari hii nilizungumza mimi. Nikausukuma ule udongo kwa mpini wa jembe, ufa ukafunguka mbele ya macho yao. Mama hakunizuia, aliinamisha kichwa tu. Na ombi limepita! Kilichobaki kilikuwa kidole gumba cha Mama kwenye fomu, kukubali nyumba ibomolewe. Bwana Melkizedeki amesema mvua zikianza kabla hajaweka, nafasi itakwenda kwa mzee mwingine. Mama akakataa kukiweka. Mawingu yameanza kukusanyika upande wa Sekenke, na yeye bado analala nyuma ya ukuta ule.

Mwaka mzima tumeilaumu ofisi kwa kuchelewa, Kaka. Sasa anayechelewa ni wewe.

Limebaki neno moja, naomba usikasirike. Jana nilimwambia Mama kwamba umesema unakuja, kwamba utalala chumbani kwako, na kukicha utapiga sururu ya kwanza wewe mwenyewe. Hukusema. Nimekusemea mimi, bila hata kukuuliza, kwa sababu nakujua na sina shaka na wewe. Mama hakuuliza ni lini. Aliweka kidole chake kwenye fomu saa ile ile, wino ukambakia mkononi, kisha akainuka akaenda kufua mashuka yako.

Wasalimie wenzako wote unaopiga nao kambi. Mama Hajira naye anakusalimu, anauliza kama bado unapenda mlenda. Amri akishamaliza kushusha mzigo anarudi huku, na nafasi ya mbele kwenye lori nimeshakuombea.

Ni mimi mdogo wako anayekusubiri barabarani,
Luciana