Kiti Chake Akibebe Mwenyewe

Alhamisi, jioni. Mvua imekatika, mtaa wetu wa Muhumba wote uko na matope, na mimi moyo bado unanichemka.

Kaye yangu, daftari langu, leo tulikutana uani mwa parokia kugawana mizigo. Keshokutwa tunaenda hija kwa miguu: siku ya kwanza tulale kijijini Miti, ya pili tupande mlima hadi kwenye sanamu ya Bikira. Sisi mamans saba, na katekista wetu. Niliweka nadhiri mwaka jana, binti yangu alipojifungua na damu haikatiki. Alipona. Basi lazima nifike.

Tulitandaza kila kitu kwenye mukeka. Sufuria moja kwa wote, maharagwe, unga, taa. Blanketi moja kwa watu wawili. Sufuria nikapewa mimi, nikakubali. Nitaibeba mgongoni, kamba kwenye paji la uso, vile mama yangu alivyobeba kuni.

Ndipo katekista akaleta kiti chake cha kukunja. Cha mbao!

"Citoyenne," akaniita, mwananchi kwa Kifaransa, "hiki utaweka juu ya sufuria. Siwezi kufundisha nikiikala chini sawa mutoto."

Maman Furaha, mwenzangu wa blanketi, akaninong'oneza: "Beba tu, kitazaa njiani, na sisi tupate pa kuikala." Tulicheka mpaka papa katekista akatukazia macho.

Nilitaka kusema hapana. Ulimi ukakataa.

Nikuambie ukweli. Ndani ya kikapu changu nilikuwa nimeficha sukari, nimeifunga kwenye kitambaa cha kichwa. Siku hizi sukari tunaisikia tu kwa jina. Nilipanga kunywa chai yangu kando, peke yangu. Sasa nitamwambiaje mutu abebe chake, na mimi nimeficha changu?

Nikaitoa. Nikaiweka kwenye mukeka, wote wanaona. Masikio yalinichoma kwa aibu.

Halafu nikasema: "Sukari ni yetu wote. Kiti ni cha papa katekista. Atakibeba yeye."

Papa katekista akakivuta kiti chake.

Akasema atafuta jina langu kwenye liste, orodha ya wanaoenda hija.

Afute! Nadhiri sikumuwekea yeye. Akinikataza kutembea katikati yao, nitatembea nyuma yao, na nyimbo nitaimba zile zile.

Bikira Maria, unisamehe hasira, na sukari pia. Lakini lile neno nililosema la kiti, hapana, sitaliombea msamaha.

Jumamosi alfajiri niko barabarani.