Kipanya Chako Kimo Mkononi mwa Mwingine

Ineza, binti yangu,

Sikukusudia kukuandikia. Marehemu haandikiwi, huombewa, na mimi nimekuombea kila asubuhi tangu tulipokuzika. Lakini kuna jambo limetokea Gikondo, katika klabu yenu ya michezo ya kompyuta. Linauhusu mkono wako, na nimeona ni haki ulisikie kutoka kwangu.

Nilianza kumshuku Yvan siku aliyokuja nyumbani Kagarama. Tulikuwa tumekwisha kuondoa matanga, watu wamerudi makwao. Nahodha wenu akaja peke yake na katoni ya soda, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Kijana anayekuja kumfariji mama aliyefiwa hukaa, hunyamaza, husali. Yeye alikuwa akiutazama mlango wa chumba chako. Mwishowe akasema, "Mama, tunaomba mausi ya Ineza. Iko na kumbukumbu yake ndani. Ni ya kumkumbuka tu, tutafanya kumbukumbu pale klabu."

Nikajiuliza: watu humkumbuka marehemu kwa picha, kwa nini huyu asiombe picha? Kwa nini ataka kipanya, na kile kitambaa kikubwa cheusi ambacho ulikitelezesha kipanya juu yake, na hata ile soksi ya mkono uliyoivaa ukicheza? Nilimpa vyote kwa sababu ulimpenda kama kaka yako. Kumwamini, sikumwamini.

Nikasubiri niitwe kwenye hiyo kumbukumbu. Sikuitwa. Nilipompigia simu alijibu haraka haraka, "Tuko mbioni, Mama, tutakuita," na nyuma yake nikasikia wenzake wakicheka. Unanijua. Jumamosi iliyopita, mchana, nilipanda basi bila kumwarifu mtu.

Ukumbi wenu bado uko pale pale juu ya gereji, na ngazi bado zinanuka oili. Nilisimama mlangoni. Kwenye kiti chako karibu na dirisha alikuwa ameketi msichana nisiyemjua. Kipanya chako kilikuwa mkononi mwake. Soksi yako ilikuwa mkononi mwake. Nikasema moyoni: kumbe ndiyo kumbukumbu yenyewe. Udongo wa kaburi haujakauka, na hawa wamekwisha kumvika mwingine mkono wako.

Hakuna aliyeniona, kwa hiyo nikawachunguza. Adui alipomtokea msichana kwa nyuma kwenye mchezo, alikisukuma kipanya hadi mwisho wa kitambaa, akakinyanyua, akakirudisha, akasukuma tena. Kabla hajamaliza kugeuka alikuwa amekwisha kuuawa. Ikawa hivyo tena na tena. Yvan alikuwa amesimama nyuma yake akifoka, "Mkono wote, Nadine! Mkono wote! Ineza alicheza hivi hivi!" Yule mwenzenu mnene mwenye miwani akadakia, "Dada, unapigana au unafagia?" Wakacheka. Nadine alikirudisha kipanya katikati ya kitambaa. Niliona kidevu chake kinatetemeka.

Nitakwambia ukweli ambao sitamwambia padri. Nilifurahi kuona anashindwa.

Yvan aliponiona alishtuka kama mwizi. Kisha akanieleza, na kwa mara ya kwanza sikuona hila usoni mwake. "Mama, tulitaka aendelee pale Ineza alipoachia. Tumeacha kila kitu kama alivyopanga, hatujagusa namba hata moja ya kasi ya mausi. Lakini mashindano iko karibu. Asipozoea wiki hii, tutamtoa."

Hapo ndipo nilipoelewa. Ulikuwa umenieleza kwamba kipanya kile huhifadhi mpangilio wa mwenyewe, na kwamba ukikichomeka kwenye kompyuta yoyote kinakujua. Watoto hawa wanadhani ushindi wako ulikuwa umejificha humo, katika kishale kinachokwenda polepole, kinachohitaji mkono uvuke meza nzima ili mchezaji ageuke. Nawe uliwaambia kwamba wachezaji wengi wakubwa wa nje hupanga hivyo. Hukusema uongo. Lakini sababu yako ilikuwa nyingine, na tuliijua wewe na mimi tu.

Nakumbuka asubuhi zile ugonjwa wako wa damu, selimundu, ulipokukamata, kifundo cha mkono kimevimba, mimi nakukanda kwa kitambaa cha maji ya moto. Ulipopata nafuu kidogo ulipunguza kasi ya kishale, ukajifunza kucheza kwa kiwiko na bega juu ya meza yetu ya kulia, ukiniangushia sahani. Uliniambia, "Kifundo kikikataa, Mama, bega litafanya kazi. Usimwambie mtu. Wakijua wataniweka benchi." Niliahidi.

Sasa walikuwa wanamfundisha msichana mwenye mkono mzima maumivu yako. Wangemfukuza kwa sababu hayawezi.

Niliwaambia. Nilisimama katikati ya kompyuta zile nikawaambia yote. Aliyekuwa anatania alivua miwani. Yvan alikaa sakafuni, mikono kichwani. "Mbabarira, Mama," akasema, "nisamehe. Na mimi nilikuwa namfokea Ineza kwamba anachoka haraka."

Nadine aliivua soksi, akaikunja vizuri, akanipa kwa mikono miwili. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama, nikibadilisha namba hapa, ya Ineza itafutika. Nitafute mausi ingine?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilitaka kukichukua kipanya kile, nikifunge kabatini pamoja na nguo zako, kisiguswe na mtu. Nilimtazama yule binti wa watu, na kidevu chake, na kiti kile. Nikamwambia, "Badilisha."

Haikuchukua muda. Aliongeza kasi, kishale kikaruka, akageuka akapitiliza hadi akawa anatazama ukuta. Safari hii yeye mwenyewe ndiye aliyecheka wa kwanza. Akapunguza kidogo. Akajaribu tena. Adui alipomjia kwa nyuma, Nadine alikuwa amekwisha kugeuka na kumwona.

Basi mpangilio wako haupo tena duniani, Ineza, na ni mimi niliyeruhusu. Siri yako pia nimeitoa. Ukiwa na hasira, nielekezee mimi, usimwelekezee Nadine. Hakujua alichovishwa.

Yvan bado namtilia shaka kidogo. Mtu aliyeficha jambo mara moja kwa nia njema anaweza kulificha la pili. Kwa hiyo nakuahidi: siku ya mashindano nitaketi nyuma ya Nadine, na atakayemfokea acheze kama wewe atanijibu mimi. Hakuna atakayeketi kwenye kiti kile akidaiwa kuwa wewe.

Kwaheri, binti yangu. Pumzisha mkono.

Mama yako